Steshenari ya Mbagala inayomjua mwalimu

Ninafundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya serikali hapa Mbagala, mwaka wa kumi na moja sasa. Duka ninalotaka kulisifu lina bango lililofifia, limeandikwa FOTOKOPI, KUCHAPA, BAINDI, basi. Ukitoka Barabara ya Kilwa upande wa Zakhem unaingia ndani kidogo, unapita wauza mitumba, unalikuta mkono wa kulia. Kutoka shuleni kwetu ni dakika nne kwa miguu. Dakika hizo nne ndizo zinazonifanya niandike.

Mapumziko yetu ya asubuhi ni nusu saa. Ndani ya nusu saa hiyo unatakiwa unywe chai, uangalie watoto wa uji wasiunguzane, na kama una jaribio la kesho, utoke ukatoe kopi urudi kabla kengele haijalia. Mwanzoni nilikuwa nikifika dukani nakuta foleni ya watu wa vyeti na vitambulisho, nasimama, muda unaisha, narudi mikono mitupu. Siku moja mzee mwenye duka akaniuliza, "Mwalimu, mbona jana uliondoka?" Nikamwambia kengele. Kesho yake kijana wa bodaboda alikuwa mbele yangu ameshika leseni yake. Mzee akamwambia kwa upole, "Mwanangu, mpishe mwalimu, ana watoto wanamsubiri." Kijana akasogea, akaniambia, "Pita, madam." Tangu siku ile kati ya saa nne na saa nne na nusu mwalimu hapangi foleni pale, na sijasikia mteja akinung'unika.

Mtu asiye mwalimu anaweza kuliona hilo dogo. Darasani kwangu nina watoto 104. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wameingia darasani, na kwa hilo nashukuru kwa moyo wangu wote. Lakini jaribio la ukurasa mmoja kwangu ni kopi 104. Kopi moja pale ni shilingi 100. Kwa kazi ya darasani mzee anatutoza 50. Yaani 5,200 badala ya 10,400, na hela hiyo mara nyingi inatoka kwenye pochi yangu, kwa sababu karatasi za shule zinakwisha kabla ya muhula. Ukiwa huna, anaandika kwenye daftari, unalipa mshahara ukiingia. Hajawahi kunidai mbele ya watu.

Sasa kadi za silabi. Mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) bila kadi ni kama fundi bila nyundo: ba, be, bi, bo, bu, unapachika ubaoni, watoto wanaunganisha, neno linatokea. Zamani nilikata za manila kwa mkono usiku, nikiandika kwa kalamu rashasha. Masika ikija, mikono ya watoto ikiwa na maji, kadi zinalegea, wino unatambaa, hadi Mei "ba" na "da" huzitofautishi. Nikampelekea mzee zote azipige laminesheni, yaani azifunike kwa plastiki. Zilikuwa 96. Msaidizi wake, binti mmoja mkimya, alizipanga kwa mistari, akazipitisha kwenye mashine, akazikata. Nilipokwenda kuchukua nilimkuta ameshika mkasi mdogo, anazungusha kila pembe ya kila kadi, moja moja. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema, "Plastiki ikikatwa kona inachoma, dada. Hao si watoto wadogo?" Pembe 384. Hakunitoza hata senti ya zaidi. Kadi hizo zinaingia mwaka wa tatu sasa. Ninazifuta kwa kitambaa kibichi Ijumaa mchana na Jumatatu zinaanza upya.

Kila Oktoba 5, Siku ya Walimu Duniani, simu yangu hujaa salamu na maua ya picha. Nazipokea na nazifurahia. Ila kama mtu ataniuliza ni wapi nilijisikia kazi yangu inathaminiwa, nitamtajia mkasi ule.

Kuna jioni moja ya mitihani ya kufunga muhula umeme ulikatika saa kumi na moja, nami nina mitihani ya madarasa mawili kwenye fleshi. Nilikaa kwenye benchi nikiwa nimekata tamaa kabisa, maana kesho yake saa mbili asubuhi watoto walikuwa wanaanza. Mzee alipiga simu kwa rafiki yake mwenye jenereta, akampa binti fleshi na nauli ya bodaboda. Saa mbili usiku mzigo ulirudi umefungwa kwa kamba, kila somo na karatasi yake ya rangi juu ili nisichanganye. Tukagawana nauli.

Nisiseme mazuri tu. Picha pale hazitoki vizuri. Ukitaka mchoro wa mbuzi au wa mwembe, peleka wa mistari, maana wenye kivuli unatoka doa jeusi na mtoto atakuuliza ni nini. Karatasi kubwa za A3 hawana. Ijumaa wanafunga kwenda msikitini, wanafungua saa nane, kwa hiyo kazi ya Ijumaa ipeleke Alhamisi. Na usiwaachie wakuchapie azimio la kazi, yaani mpango wako wa kufundisha, bila kulipitia: binti ana kasi, lakini namba za vipindi anazikosea.

Baindi ni imara, 2,000 kwa kitabu cha kawaida. Kitabu changu cha maandalio ya somo kimebebwa mwaka mzima kwenye daladala na waya haujatoka.

Mwezi uliopita nilikwenda kulipa deni langu. Mzee akafungua daftari, akapitisha kidole, akaniambia sidaiwi. Mama wa mtoto wangu mmoja, anayeuza samaki wa kukaanga stendi, alipita kuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, akaona jina la darasa letu kwenye ukurasa, akaacha 5,000. Nilimwomba mzee anionyeshe. Chini ya madeni yangu, kwa mwandiko wa mama yule mwenyewe, herufi kubwa kubwa, imeandikwa: KARATASI ZA WATOTO.

Zimebaki 1,400. Jumatano nina jaribio la silabi.