Kukaa humohumo au kuhama mafundi wakiwa kazini

Sisi tulikaa humohumo, Mbagala, wakati wanabadilisha taili na kupiga plasta upya, na nawaambia ukweli vumbi la grenda ikikata taili linaingia mpaka kwenye ndoo ya unga yenye mfuniko, mwanangu alikohoa wiki nzima, usiku halali, hilo bado linaniuma. Ila ukiwepo unaona. Mimi ndo nilimkuta fundi anazidisha mchanga kwenye simenti nikamsimamisha palepale, na plasta nilikuwa naimwagia maji mwenyewe asubuhi na jioni siku 7 ili isipasuke, fundi gani atakuja Jumapili kwa ajili ya hilo?

Kuhama unalala vizuri na unapumua. Shida hela, Dar wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 3 au 6 kwa mpigo, juu yake dalali achukue ya mwezi mmoja, hiyo si ndo hela ya taili za choo jamani.

Ukiwa na kichanga au mtu wa pumu, hama, hata kwa ndugu. Wengine kaeni, ila chumba kimoja cha kulala kizibwe nailoni mlangoni na mafundi wakiguse mwisho kabisa.