Uzoefu wangu na ImageMagick: kubadili fomati za picha bila kuzipakia popote

Nilihamia ImageMagick, programu ya kubadili na kurekebisha picha, kwa sababu ya vyeti vya marehemu baba. Nilikuwa nimeviskani katika PNG, nikavipakia kwenye tovuti moja inayobadili faili ili nipate JPG, kisha nikafuta zile za mwanzo. Nilipovikuza kwenye skrini nikakuta kila herufi imezungukwa na vumbi la vidoti vya kijivu. Nikavirudisha PNG nikidhani vitasafika. Vumbi likabaki palepale, faili ndilo likawa kubwa zaidi. JPG hutupa sehemu ya taarifa za picha ili faili liwe dogo, na kilichotupwa hakirudi. Halafu likanijia swali lililoninyima raha: vyeti vile sasa vimehifadhiwa kwa nani?

ImageMagick inafanya kazi ndani ya kompyuta yako, hata intaneti ikiwa imezimwa. Ni ya bure, na John Cristy aliianza tangu mwaka 1987. Usitegemee vitufe vya kubofya, hapa unaandika amri kwenye dirisha la amri la kompyuta (terminal). Wiki ya kwanza nilisitasita, ila amri yenyewe ni fupi tu:

magick picha.heic picha.jpg

Yenyewe inaangalia herufi za mwisho wa jina la faili na kujua unataka nini. Kwangu HEIC, fomati ya picha zinazopigwa na iPhone, ndiyo iliyokuwa kero kubwa. iPhone zinaitumia tangu mfumo wa iOS 11 wa mwaka 2017, na bado kila mara napata mtu aliyeshindwa kufungua picha niliyomtumia.

Mambo mawili yalinigharimu muda. La kwanza, nembo ya PNG isiyo na mandhari nyuma yake iligeuka JPG yenye weusi mtupu, kwa kuwa JPG haijui uwazi. Ukiongeza -background white -flatten kwenye amri, nyuma panakuwa peupe. La pili ni -strip, ambayo naipenda sana kwa sababu inafuta taarifa zilizojificha kwenye picha, pamoja na mahali ilipopigwa. Lakini inafuta pia ile alama inayoambia skrini picha isimame vipi. Nilifungua folda nikakuta watu wote wamelala ubavu! Dawa ni kutanguliza -auto-orient. Inaondoa vilevile maelezo ya rangi, kwa hiyo picha za simu zenye rangi kali huweza kupoa kidogo. Zile za kuchapisha siziguzi na -strip kabisa.

Na mogrify, amri nyingine ya ImageMagick, ndugu yangu, iogope. Inabadili folda nzima kwa mkupuo, lakini ukiiambia ipunguze ukubwa bila kutaja folda nyingine kwa -path, inaandika juu ya picha zako za asili. Siku hizi nanakili folda kwanza, ndipo naigusa.

Kwa ubora natumia -quality 90, na sijaona tofauti kwa macho. Mwenye picha mbili tatu hana haja ya haya yote. Tovuti ya Squoosh inamtosha, na hiyo nayo inabadili ndani ya kivinjari bila kupeleka picha nje. Mwenye picha mia mbili ajifunze amri.

Vyeti vya baba nimeviskani upya. Vimekaa TIFF, fomati ambayo kwa kawaida haitupi taarifa za picha, na anayehitaji namtolea nakala ya JPG.