Duka la mayai karibu na Kibuye: ubao mmoja, bei tatu

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikinunua mayai katika duka dogo la jumla lililo karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, na kwa kuwa ninakusudia kulisifu na kulilaumu, jina lake sitalitaja. Mimi huoka keki za kuuza, kwa hiyo hununua trei nne au tano kila wiki, na bei ya yai kwangu si jambo la kupuuza. Kilichonivuta dukani humo ni ubao wa chaki uliotundikwa mlangoni. Maduka mengi ya jirani huwa na bei moja tu, nawe hubaki ukikisia mayai yametoka wapi. Huyu mama huandika bei kulingana na asili ya mayai. Jumamosi iliyopita trei ya Busia ilikuwa shilingi 370, ya Nakuru 400, na ya kienyeji 600.

Niliamua kulinganisha. Dada yangu anayeishi Nakuru alinunua trei yake sokoni asubuhi hiyohiyo kwa shilingi 350, na mwenzangu tunayefanya naye kazi ya kuoka, ambaye yuko Busia, akalipa 310. Maana yake ni kwamba yai la Nakuru, ambalo husafiri zaidi ya kilomita 170 kupitia Mau Summit na Kericho, lilikuwa limepanda kwa shilingi 50 kwa trei, ilhali la Busia, lililokuja kilomita 110 hivi kupitia Ugunja na Luanda, lilikuwa limepanda kwa 60. Nilidhani nimekosea hesabu. Nilipomuuliza mwenye duka, alicheka, akasema, “Kastoma wangu, usihesabu kilomita, hesabu mikono.” Mayai ya Nakuru huyapata kwa mfugaji mmoja anayemletea moja kwa moja kwa pikapu kila Alhamisi, ya Busia hupitia kwa mchuuzi wa mpakani, kisha kwa msafirishaji, kisha kwa mtu wa kati hapa mjini, na kila mmoja hutwaa chake.

Swali la kwa nini mayai ya Busia huanza yakiwa rahisi linaeleweka zaidi ukijua kwamba mengi yake hutoka ng’ambo, Uganda. Gharama kubwa ya kufuga kuku wa mayai ni chakula, na kuku mmoja anayetaga hula takriban gramu 120 kwa siku. Basi mahali ambapo mahindi na pumba zake ni bei nafuu, yai nalo hushuka. Sehemu kubwa ya kusini mwa Uganda huvuna mahindi mara mbili kwa mwaka, na tangu umoja wa forodha wa Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, biashara ya mpakani imekuwa nyepesi, ingawa si ya kutegemea siku zote. Wengi wetu tunakumbuka Januari 2017, homa ya mafua ya ndege ilipogunduliwa Uganda na Kenya ikafunga mlango kwa kuku na mayai ya huko. Nakuru, kwa upande wake, ina faida ya kuwa na viwanda vya chakula cha mifugo na wafugaji wengi waliokaribiana. Sisi wa Kisumu tuna omena, yaani dagaa wa ziwani, ambayo ni protini nzuri ya kuchanganya katika chakula cha kuku, na bado tunanunua mayai ya watu wengine. Hilo huniudhi kidogo kila ninapopita ufuoni.

Nikirudi dukani: je, trei ya 370 ni rahisi kweli kuliko ya 400? Nilinunua zote mbili, nikazipima nyumbani kwa mizani ninayopimia unga. Mayai 30 ya Busia yalikuwa na uzito wa kilo 1.56, yaani wastani wa gramu 52 kwa yai; ya Nakuru yalifika kilo 1.77, wastani wa gramu 59. Ukigawanya, kilo ya Busia iligharimu takriban shilingi 237 na ya Nakuru 226. Zaidi ya hayo, katika trei ya Busia mawili yalikuwa na ufa, na yai lenye ufa mimi silitumii. Sidai kwamba mayai ya Uganda ni madogo yote, kwa sababu ukubwa wa yai hutegemea sana umri wa kuku, na mtetea anayeanza kutaga hutoa mayai madogo popote alipo. Nasema tu kwamba kwa mwoka keki, ambaye mapishi yake huhesabu uzito, ubao ulikuwa ukipotosha bila kusema uongo. Kwa kijana anayeuza mayai ya kuchemsha na kachumbari stendi ya mabasi hesabu ni nyingine kabisa: yeye huuza yai kwa idadi, hakuna mteja anayebeba mizani, na trei ya 370 ndiyo inayomfaa. Nimewaona wakiichukua hiyo hiyo alfajiri, nao wanajua wafanyalo.

Huduma yenyewe ni nzuri. Mama huyu huyamulika mayai kwa tochi ukimwomba, hupokea malipo kwa simu bila kuongeza shilingi, na ukichukua trei tano hufunga kamba vizuri kiasi kwamba hata boda boda wa Kondele hawezi kukuharibia.

Lawama zangu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba habadilishi yai lililovunjika ukishavuka kizingiti, hata kama ulikuta ufa chini kabisa ya trei mahali ambapo tochi haikufika. Ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ile trei ya kienyeji ya 600. Niliinunua mara mbili. Mayai yalikuwa ya ukubwa mmoja, ya rangi moja ya hudhurungi iliyokolea, kana kwamba yametagwa na kuku mmoja, ilhali mayai ya kuku wa kienyeji halisi niliyozoea kuletewa kutoka Vihiga hutofautiana, mengine karibu meupe, mengine yenye rangi ya chai ya maziwa. Rangi ya ganda hutokana na aina ya kuku, na kiini cha manjano kilichokolea hutokana na alichokula, majani au mahindi ya njano; hakuna kati ya hayo kinachothibitisha kwamba kuku alizunguka uani. Nilipomwambia, alinijibu kwa upole kwamba na yeye huuziwa hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo hununua trei tatu za Nakuru na moja ya Busia ya kupaka juu ya mikate, ambako ukubwa wa yai hauna neno. Duka hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukifika baada ya saa mbili siku ya Ijumaa, ya Nakuru huwa yamekwisha.