Kabati la nguo la tayari: papasa chini kwanza, milango baadaye

Masika yamepita na malalamiko ninayoletewa karibu yote ni ya aina moja, kabati limevimba chini. Dada mmoja wa Mbagala kanitumia picha ya kabati jeupe la milango mitatu, zuri kweli, halijamaliza hata mwaka, kule chini ubavu umechanua na mlango wa kati haufungi tena, alafu muuzaji anamwambia eti umelimwagia maji. Hajalimwagia maji jamani, amedeki! Chumba kinadekiwa kila siku, ndo Dar hii ina joto na vumbi, mtu atakaaje bila kudeki?

Kwa hiyo leo nayapanga makabati ya tayari kwa kigezo kimoja tu, kule chini yanavumilia maji kiasi gani. Rangi, vioo, idadi ya droo mtaangalia wenyewe, macho mnayo. Mi nataka ukifika dukani upige magoti, umwambie kijana ainue upande mmoja kidogo, uingize vidole chini ya ubavu pale unapogusa sakafu. Ukikuta pako laini, pamefunikwa utepe wa plastiki, afadhali. Ukikuta pana mikwaruzo kama msasa na vumbi linabaki kidoleni, hiyo ni chipbodi iko uchi. Chipbodi ni mbao iliyosagwa ikashindiliwa na gundi, na gundi yenyewe kwa hizi za bei ya kawaida haipatani na maji, ikinywa inavimba kama andazi kwenye chai, tena ikikauka hairudi ilivyokuwa. Kingo za mbele wanaweka utepe vizuri kabisa sababu ndo unazoziona. Za chini wanaziacha. Hilo linanikera kuliko kitu chochote kwenye biashara hii ya fenicha, maana utepe wenyewe si ghali.

Namba moja kwangu ni makabati ya mbao ya mninga ya pale Keko kwa mafundi fenicha wa Dar, yale yaliyokwisha tengenezwa yamepangwa nje, basi yawe na miguu. Mninga uliokauka vizuri hautanuki na kusinyaa ovyo, mchwa hawausumbui, na ukipata deki ya miaka unapiga msasa na vanishi maisha yanaendelea. Mbao ya mkongo nayo nzuri ila nzito, kama unahamahama nyumba za kupanga utawatesa wabebaji. Shida ya Keko ni mbili, mbao mbichi na mbao nyingine iliyopakwa rangi ikaitwa mninga. Chomoa droo uiangalie kwa nyuma, pale ambapo hawajapaka vanishi, ndo utaiona mbao yenyewe. Ukikuta nyuma nyeupe na mbele nyekundu uliza maswali.

Namba mbili, marine board, yaani plaiwudi ya kuvumilia maji. Angalia ukingo wake, uone matabaka ya mbao yamelaliana. Ikiwa ya kweli gundi yake inastahimili maji. Namba tatu MDF, ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa na gundi, ile yenye kijani kwa ndani inatengenezwa kuvumilia unyevu, ingawa rangi peke yake sio ushahidi, mtu yeyote anaweza kutia rangi. Namba nne chipbodi yenye melamini, lile ganda gumu la rangi juu yake. Kabati la kitambaa la zipu ni la mwanafunzi wa hosteli, tuendelee.

Sasa najua wengi wenu mtanunua namba nne au mnayo tayari ndani, na sio lazima mlitupe. Kinachotakiwa ni kulinyanyua. Nenda duka la vifaa uombe miguu ya plastiki ya makabati ya jikoni, ile ya kuzungusha inapanda na kushuka, ina kama sentimita 10, deki inapita chini bila kugusa ubao. Milango miwili miguu minne inatosha, mitatu weka sita, miwili ikae chini ya ubao wa kati kabisa la sivyo litalegea katikati. Toa nguo zote, lilaze chali, kingo zilizo uchi zipake rangi ya mafuta mara mbili ikauke, afu fundi afunge vipande vya mbao mbili kwa mbili kwa chini na miguu ishikwe kwenye hizo mbao, asifunge skrubu kwenye chipbodi tupu, itang'oka. Na ukishalisimamisha lishikize ukutani kwa chuma cha L juu, hasa kama una watoto wanaopanda droo, hapa sitaki ubishi.

Liache sentimita tano kutoka ukutani. Ule mgongo wa hadibodi uliopigwa vimisumari, fundi aushike na skrubu maana ndo unaozuia kabati lisiende upande, na atoboe matundu machache juu na chini hewa ipite. Nguo za pwani zinanuka uvundo kwa sababu hewa imefungiwa, naftalini haiwezi kutibu hilo.

Bawaba za milango: nunua za kampuni ya Blum. Nimeshasema na nitaendelea kusema. Za Austria, jina limegongwa kwenye chuma chenyewe, na tundu la milimita 35 ndo hilo hilo la bawaba nyingi za makabati ya tayari, kwa hiyo unabadilisha bila kutoboa tundu kubwa upya mlangoni. Beba ya zamani ukanunulie, mlango unaofunika ubavu wote na unaofunika nusu haitumii bawaba za aina moja. Hettich pia sio mbaya. Tundu za skrubu zikiwa zimelegea, jaza njiti za kiberiti na gundi nyeupe, kata zilingane, zikauke usiku kucha.

Fimbo ya kutundikia nguo ikipinda weka bomba la steini, chuma kisichoshika kutu. Kama una madera na kanzu acha upande mmoja mrefu, kama mita moja na nusu, upande wa mashati weka fimbo mbili, juu na chini, nafasi inaongezeka hapo hapo.

Na hawa wauzaji wa "bei njoo inbox"! Picha ni ya kabati la nje, lenye miguu ya dhahabu na taa ndani, ukiuliza kina chake na linasimamaje chini hujibiwi, unaulizwa uko wapi tukuletee. Likija halina miguu. Bei inapanda kila ukirudi, wanasema dola, wanasema bandari, sawa, lakini utepe wa ukingo wa chini haujawahi kuongezwa hata bei ilipopanda. Omba video ya kabati lenyewe lililopo stoo, limelazwa, sehemu ya chini ionekane. Asiyetaka kutuma usimpe hela ya awali hata kidogo, na anayetuma mwambie kabisa miguu ifungwe hapo hapo dukani kwake kabla halijapandishwa kwenye kirikuu, likishaingia chumbani na kujaa nguo hakuna fundi atakayekubali kulilaza tena kwa bei ya kawaida.