Uzoefu Wangu na Pinball FX: Meza Tisa za Kale Ambazo Ningezipanga Safu Moja

Nimekuwa nikicheza Pinball FX, mchezo wa kidijitali wa pinboli (meza iliyoinama ambamo gololi ya chuma hupigwa kwa vibao ili isipotee chini) unaotengenezwa na Zen Studios ya Budapest, Hungaria, kwenye kompyuta yangu hapa Nairobi kwa muda wa kutosha kuyajua mazuri yake na kujua ninachokitamani zaidi ndani yake. Ninachokitamani ni mpangilio. Mnunuzi mgeni hukutana na orodha ndefu ya majina ya meza ambayo hayamwambii lolote. Kwa mchezaji wa Chicago aliyekua akitia sarafu katika mashine za Williams na Bally, kampuni za Marekani zilizotengeneza pinboli, majina hayo ni kumbukumbu za ujana. Sisi wa Nairobi wengi wetu hatujawahi kuigusa mashine yenyewe. Tumekulia kwenye meza za pool na vibanda vya PlayStation mitaani, ambako mtu hulipia mechi moja na kumpisha mwenzake. Meza ya kwenye skrini ndiyo ya kwanza na pengine ya pekee tutakayoicheza. Kwa hiyo ninapowazia safu ya meza za kale, sianzi na jina kubwa wala filamu iliyopendwa, bali natafuta meza ambazo kila moja humfundisha mchezaji jambo ambalo iliyotangulia haikuwa nalo.

Kuhusu mchezo wenyewe nitasema kwa ufupi. Nililipa kwa kadi pepe ya Visa inayotolewa kupitia M-Pesa, na sikupata usumbufu wowote. Gololi ina uzito unaoaminika: ukiinua kibao, yaani kimkono kinachoendeshwa kwa kitufe ili kuirudisha gololi juu, na kukishikilia wakati inapokuja kwa kasi ya wastani, hupanda, husita, kisha hurudi taratibu na kutulia kwenye kona ya kibao, nawe ukapata nafasi ya kuamua unakoilenga. Meza za Williams zinaweza kuonyeshwa zikiwa na vikaragosi vilivyoongezwa au kwa sura yake ya asili, na mimi huchagua sura ya asili, kwa kuwa jicho linatakiwa kubaki kwenye gololi. Anayeunganisha kompyuta na televisheni awashe kwanza hali ya michezo katika televisheni hiyo. Asipofanya hivyo, kibao kitachelewa kidogo kuinuka baada ya kidole kubonyeza, na kuchelewa huko kudogo ndiko kunakopoteza gololi.

Safu yangu ingeanza na Humpty Dumpty, iliyobuniwa na Harry Mabs na kutolewa na kampuni ya Gottlieb mwaka 1947, kwa sababu ndiyo iliyoleta vibao vinavyoendeshwa kwa umeme. Kabla yake mchezaji alivuta springi, akairusha gololi, kisha hakubakiwa na la kufanya ila kuitikisa meza na kutumaini. Ndiyo maana watawala wa miji kadhaa ya Marekani waliihesabu pinboli kuwa kamari, na New York ikaipiga marufuku mwaka 1942. Humpty Dumpty ina vibao sita vidogo, vitatu kila upande, vilivyotapakaa kandokando ya meza na kuelekea nje, na havina nguvu ya kuipeleka gololi mbali. Si meza ya kuchezwa jioni nzima. Hata hivyo, dakika chache juu yake humfanya mtu aelewe kwa nini mwaka 1976 Roger Sharpe, mwandishi na mchezaji hodari wa pinboli, alilazimika kusimama mbele ya kamati ya baraza la jiji la New York, akataja mapema njia ambayo gololi ingepita, akavuta springi, nayo ikapita hapo hapo alipotaja. Marufuku yakaondolewa.

Ya pili ni Fireball ya Bally, ya mwaka 1972, kazi ya Ted Zale. Katikati yake kuna sahani inayozunguka, na gololi ikiikanyaga hutupwa upande ambao hukuutazamia; papo hapo, vibao viwili vya chini vinaweza kusogeleana hadi vigusane, pengo kati yao likazibika, ukapumua kidogo. Humu hakuna sauti ya kompyuta, zipo kengele zinazogongwa na magurudumu ya namba yanayogeuka kwa mshindo. Meza hii na Humpty Dumpty nimezicheza katika Visual Pinball, programu ya bure iliyoanzishwa na Randy Davis, ambayo meza zake hujengwa na watu wa kujitolea. Laiti Zen wangezishughulikia kwa uangalifu ule ule wanaozishughulikia meza za miaka ya tisini, kwa maana anayezikosa hawezi kujua meza za baadaye zilitoka wapi.

Miaka ya themanini ningeipa meza mbili, zote za mbunifu Steve Ritchie alipokuwa Williams. Mwaka 1979 kampuni hiyo ilikuwa imetoa Gorgar, meza ya kwanza kuzungumza, ikiwa na maneno saba tu. Naiheshimu, lakini kusema kwake hakubadilishi namna ya kuicheza, kwa hiyo sikuiweka. Black Knight ya mwaka 1980 ilibadilisha mengi. Ina uwanja wa ghorofa mbili, kila ghorofa na vibao vyake, na pia kitufe cha ziada kinachowasha sumaku karibu na mfereji wa pembeni ili kuidaka gololi inayokwenda kupotea. Sumaku hiyo huifaidi tu ukiwa umeshajipatia haki ya kuitumia na ukabonyeza kwa wakati, na hapo mchezaji anajifunza kwamba hata kujiokoa kunahitaji maandalizi. High Speed ya mwaka 1986 ndiyo iliyonifundisha kwamba meza inaweza kusimulia kisa kuanzia mwanzo hadi mwisho: unapiga shabaha hadi taa ya barabarani iliyo juu ya uwanja itoke kijani, ipite njano, iwe nyekundu, unaivuka ikiwa nyekundu, polisi wanaanza kukufukuza. Ritchie mwenyewe aliwahi kufukuzwa na polisi akiwa ndani ya gari lake, na kisa hicho ndicho alichokigeuza kuwa meza. Hakuna mkazi wa Nairobi atakayehitaji kuelezwa kanuni zake.

Sasa nafika kwa mbunifu Pat Lawlor, na hapa nitakaa kidogo. Funhouse ya mwaka 1990 ina kichwa cha mwanasesere aitwaye Rudy, kilichopachikwa ndani ya uwanja wenyewe, chenye macho yanayogeuka na taya linalofunguka. Rudy huifuata gololi kwa macho na kukukejeli unapokosa. Kila unachokifanya kinasogeza mbele saa iliyochorwa kwenye meza, na inapotimia saa sita usiku Rudy husinzia, mdomo ukabaki wazi, nawe unatakiwa kuitumbukiza gololi kinywani mwake ili gololi nyingi ziachiwe kwa pamoja. Nimeicheza kuliko meza nyingine yoyote na bado nasisimka anapoanza kupiga miayo, kwa sababu kuanzia hapo kila pigo lina uzito: njia ya kinywani ni nyembamba, ukikosa unagonga kidevu, na gololi inayogonga kidevu hurudi katikati kwa kasi, pale pale pasipofikiwa na kibao. Katika Pinball FX macho ya Rudy yanafuata gololi ipasavyo, na sauti yake imehifadhiwa kama ilivyokuwa.

Meza ya pili ya Lawlor katika safu yangu ni The Twilight Zone ya mwaka 1993. Najua wengi wangetaka The Addams Family ya mwaka 1992, aliyoibuni pamoja na Larry DeMar, iliyouzwa mashine 20,270 na kuvunja rekodi ya mauzo ya meza ya Eight Ball ya mwaka 1977. Ni meza nzuri mno, na sumaku zake zilizofichwa chini ya uwanja, ambazo hupotosha njia ya gololi, ni ubunifu wa kweli. Hata hivyo, nikilazimika kuchagua moja, nachagua The Twilight Zone, kwa sababu ya gololi moja nyeupe. Imetengenezwa kwa kauri, si chuma. Ni nyepesi, inakimbia zaidi, na sumaku haziishiki. Hutoka bila kutangazwa katika mashine ya peremende iliyo ndani ya meza, na mara tu inapofika kwenye kibao mkono unagundua kwamba vipimo vyote ulivyovizoea vimekosea: pigo lililokuwa likifika kwenye rampu, yaani njia iliyoinuka, sasa linapita juu zaidi na kurudi haraka. Hicho ndicho kipimo kikali kuliko vyote kwa programu inayodai kuiga pinboli, na kwa maoni yangu Pinball FX inakipita vizuri. Ada za leseni ya meza kama hii si ndogo. Mwaka 2012 kampuni ya FarSight, iliyotengeneza The Pinball Arcade, ililazimika kuchangisha fedha kwa umma ili iweze kuitoa.

Kwa Nairobi, hata hivyo, meza ya kumwonyesha mtu kwanza ni World Cup Soccer ya Bally, iliyobuniwa na John Popadiuk na Larry DeMar kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 1994 nchini Marekani. Juu ya uwanja kuna lango, na mbele ya lango kuna kipa anayesogea kushoto na kulia bila kupumzika. Kando yake kuna mpira wa miguu unaozungushwa na mota, na gololi ikiugusa hupewa mzunguko na kuchepuka. Mchezaji husafiri katika miji iliyoandaa mashindano, akijitafutia nafasi ya kufika fainali, na mpinzani wa mwisho ni Ujerumani, waliokuwa mabingwa wa mwaka 1990. Mpwa wangu, ambaye anajua mpira wa PlayStation na hakuwahi kuisikia pinboli, alitazama kwa dakika moja kisha akaniambia, "Mjomba, usimpige alipo. Ngoja aanze kurudi." Alikuwa na haki kabisa. Kipa akifika kona hugeuka, na pigo zuri huondoka kwenye kibao wakati ule ule anapogeuka, kwa kuwa gololi huchukua muda wake kufika. Yanayofundishwa hapa ni kulenga kitu kinachosogea, na sijaona meza inayoyafundisha kwa uwazi zaidi.

Popadiuk ndiye pia aliyebuni Tales of the Arabian Nights ya mwaka 1996, na hii nisingeiacha kwa hali yoyote. Msomaji wa Kiswahili aliyekulia na Alfu Lela Ulela anaingia humu akiwa mwenyeji: Sinbad baharia yumo, Ali Baba yumo, jini amesimama upande wa juu, na katikati ya uwanja kuna taa ya ajabu inayozunguka gololi inapoigonga. Kila kisa unachokikamilisha kinakupatia kito, na vito saba vikitimia unakwenda kupambana na jini ili umkomboe binti mfalme. Ukiipiga taa kwa ukingo wake inazunguka kwa muda mrefu na alama zinapanda, ukiipiga katikati inasimama upesi na gololi inakurudia. Ni meza ya rehema kwa anayeanza, na ina uzuri wa rangi usiochosha macho. Mashine zilizotengenezwa ni 3,128 tu. Soko lilikuwa limeshaporomoka, na mwezi wa Oktoba mwaka 1999 Williams ikafunga kabisa utengenezaji wa pinboli.

Ya tisa ni Medieval Madness ya Brian Eddy, ya mwaka 1997. Imo katika orodha ya kila mtu na sababu zinajulikana: unagonga daraja la ngome hadi lishuke, unavunja lango, na ngome inaporomoka mbele ya macho yako. Sina la kuongeza ila kwamba inastahili sifa hizo.

Safu hii ni ya kuwaziwa kwa sababu haki za Gottlieb haziko mkono mmoja na za Williams, na tumeshaona leseni zinavyoweza kuhama. Mwishoni mwa Juni mwaka 2018 The Pinball Arcade iliacha kuuza meza zote za Williams na Bally, na kabla ya mwaka kwisha Zen wakaanza kutoa za kwao. Tano za mwisho katika safu yangu, yaani Funhouse, The Twilight Zone, World Cup Soccer, Tales of the Arabian Nights na Medieval Madness, zinapatikana katika Pinball FX, na hizo ningependa ziuzwe kama kifurushi kimoja, kwa mfuatano wa miaka, kila moja ikiwa na maelezo mafupi ya kile ilichokileta. Mwenye uwezo wa kununua moja tu anunue World Cup Soccer, aicheze kwa hali ya kawaida hadi aweze kumshinda kipa kwa kukusudia, kisha ahamie hali ngumu zaidi, ambako gololi inakimbia jinsi wachezaji wa mashine halisi wanavyoizoea.