Kitabu cha hadithi cha mtoto: kabla hujalipa, mtazame mbaya wa hadithi

Malalamiko ya wazazi wa Chumbageni na Makorora hapa Tanga ni yaleyale: kitabu kina jini, kina mchawi, mtoto halali peke yake. Ya majini tunayaruka. Mtoto wa Tanga husikia habari za mzimu wa mapango ya Amboni kabla hajajua herufi, jini la kwenye karatasi litamfanya nini? Kinachopita madukani bila kuguswa ni sura ya mtu mbaya.

Fungua kitabu, ziba maandishi kwa kiganja. Mwonyeshe mtoto picha tatu zenye watu: ya mwanzo, ya katikati na ya karibu na mwisho. Muulize mbaya ni yupi, kisha muulize kamjuaje. Akisema "kakunja uso" au "kashika panga", nunua. Akisema "ana kibiongo", "ana jicho moja", "ana macho mekundu", rudisha rafuni. Hata ukurasa wa mwisho ukihubiri upendo, picha imeshafanya kazi yake.

Macho mekundu ndiyo tunayoyakazania. Bibi aliyepika miaka yote kwa kuni na vifuu, kwenye jiko lisilo na dirisha, macho yake huiva kwa moshi. Mchoraji mvivu akitaka mchawi wa haraka humchora huyohuyo, kanga na yote. Kule Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa wekundu huo, watu wakidai ni dalili ya uchawi. Kwenye maandishi nako pekua: kitabu kinachomwita mwenye ualbino "zeruzeru", au kumfanya kitu cha kuogofya, kisifike nyumbani.

Mpangilio wetu sasa, na upendeleo hatuufichi. Wa kwanza ni wachapishaji Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, wapo tangu 1991. Bei inauma, lakini kwetu sisi wazee wao wana sura za watu. Wanafuata vitabu vya Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka huohuo. Nafasi ya tatu ni vya Kenya. Utavijua kwa namba ya ISBN nyuma, ile ya kukitambulisha kitabu, 978 ikifuatwa na 9966, wakati vya kwetu vingi ni 9976 au 9987. Maudhui yake kwa kawaida hayana neno, ila picha zipime vilevile. Nne, tafsiri za ngano za Ulaya: humo vikongwe wana pua za ndoano na mama wa kambo ni muuaji. Nyumba yenye mama wa kambo, mkubwa asome kwanza.

Fotokopi za barabarani acha. Kurasa zinaruka na nyuso zimekuwa doa jeusi, utapima nini?

Halafu hawa wauzaji! Vitabu vinavyotaka kupekuliwa ndivyo wanavyovivisha nailoni, "ukifungua umenunua". Kibandiko cha bei nacho hukipachika juu ya maelezo ya umri. Kibandue kwa ukucha kuanzia pembeni, taratibu, kisichane jalada. Omba nakala moja ifunguliwe ya kuonyesha, akikataa, usilipe. Nenda maktaba ya mkoa ukaulize kama wanacho, ukikalishe mezani ukisome chote, ndipo urudi dukani na hela yako.