Columbo kwenye DVD: seti nzima, na deki itakayoikubali

Seti nzima ya Columbo, tamthilia ya Marekani ya televisheni juu ya mpelelezi wa polisi, iliyotolewa Uingereza ina hadithi zote 69, tangu ile ya 1968 hadi ya 2003. Anayetaka kumjua Peter Falk, mwigizaji wa Columbo, aanzie hapa, maana mhusika ni yuleyule kwa miaka 35 huku mwenyewe akizeeka mbele yako.

Ila kabla ya kulipa, kaguliwe deki. DVD hugawiwa kwa kanda za dunia, na deki huweza kufungwa isome kanda moja tu. Diski hizi ni za kanda ya 2, nasi Tanzania tumo kanda ya 5. Deki iliyofungwa kanda yetu itazikataa hata zikiwa mpya kabisa. Nyingi za bei ndogo pale Darajani, Zanzibar, hazina kizuizi, lakini usiamini maandishi ya boksi: nenda na diski moja ya kanda ya 2, iwashwe dukani, uone picha. Laptopu ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwani ukibadilisha kanda mara 5 hunasa kwenye ile ya mwisho. Seti ya Marekani ni kanda ya 1 na picha yake ni NTSC, mfumo wa picha wa huko. Televisheni ya zamani ya PAL, mfumo wa kwetu na wa Uingereza, huweza kuitoa bila rangi.

Hadithi ya dakika 98 ikikwisha kwa 94, usidhani imekatwa. PAL huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za filamu, na sauti nayo hupanda kidogo.

Anza na Prescription: Murder ya 1968. Humo Falk amechana nywele na ni mkali, bado hajawa yule mpelelezi wa kujikunakuna. Kisha Murder by the Book ya 1971, iliyoongozwa na Steven Spielberg akiwa kijana. Hapo ndipo pa kutazama kazi yenyewe: koti ni lake Falk mwenyewe, na jicho la kulia ni la bandia, kwani la asili liliondolewa kwa saratani akiwa na miaka 3. Tazama anavyogeuza kichwa kumfuata mtu chumbani. Muuaji unamjua tangu mwanzo, kwa hiyo anayechelewa robo saa ya kwanza amekosa nusu ya utamu.

Za kuanzia 1989 zinakokota. Nyingi zingefaa kupunguzwa. Agenda for Murder ya 1990 haimo katika hizo: Falk na mwigizaji mwenzake Patrick McGoohan wote walipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani. Kwa Columbo peke yake Falk alipata nne.

Maandishi ya Kiswahili hayamo, na Falk humung'unya maneno. Kwa wazee wa nyumbani itabidi mtu awafasirie.

Hewa yetu ya chumvi huacha ukungu juu ya diski. Futa kwa kipande cha kanga kuukuu, kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe: mkwaruzo unaofuata mzunguko hufuta data nyingi mfululizo, na hapo ndipo picha hukwama.